Bajeti ya harusi inayotekelezeka: anza na hela iliyopo, ahadi zitakuja nyuma

Kikao cha kwanza cha kamati mara nyingi kinaanza na swali ambalo lingetakiwa liwe la mwisho: tunataka harusi ya shilingi ngapi? Mwenyekiti anasema milioni 25, watu wanapiga makofi, katibu anaandika, na kuanzia hapo kila kitu kinalazimishwa kifikie hiyo namba ambayo hakuna mtu ameikagua imetoka wapi. Miezi minne baadaye, wiki moja kabla ya harusi, bwana harusi anazunguka na simu kuomba kukopeshwa kwa sababu mpishi anataka salio lake na ahadi nusu bado ziko kwenye daftari. Hii inaniuma kwa sababu naiona kila msimu, na inazuilika kabisa kama mkikaa chini mapema na kuanzia upande wa pili, yaani mjue hela ipo ngapi alafu hela ndo iseme harusi itakuwa ya watu wangapi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, harusi ya Dar, ya watu wa kipato cha kawaida. Bei ni za kufanyia hesabu tu, zako utazipata kwa kuuliza mwenyewe huko uliko, ila njia ni ileile.

Kabla hujagusa harusi, toa hela ya maisha

Maharusi wawili wana akiba ya milioni 6.5. Hiyo siyo hela ya harusi yote. Baada ya ukumbi kufungwa watu wawili wanaenda kulala mahali, na mwenye nyumba hapa mjini anataka kodi ya miezi 6 mkupuo, wengine mwaka. Chumba na sebule cha 250,000 kwa mwezi ni milioni 1.5 kwa miezi 6, weka na milioni 1 ya kitanda, godoro, jiko la gesi na vitu vidogo vidogo. Jumla milioni 2.5, zinatoka kwanza, zinakaa akaunti nyingine, na kamati haitakiwi hata kujua kama zipo. Inabaki milioni 4 ya harusi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanasema zawadi zitatusaidia kuanza maisha, zawadi huwezi kuzipangia bajeti kwa sababu hujui utapewa nini, unaweza kupewa seti sita za glasi na kodi hazilipi.

Na mahari isiingie humu. Mahari ni ya bwana harusi na ndugu zake, ina mshenga wake na mazungumzo yake, kama bado hujaimaliza basi imalize au mkubaliane salio litalipwa lini, ndo uje kwenye hesabu ya harusi. Ukichanganya hizo mbili utajikuta unachota kwenye michango ya watu kwenda kumalizia mahari na siku ya kusoma mapato na matumizi utaaibika.

Hela ziko za aina tatu, zisichanganywe

Kuna iliyopo mkononi, kuna iliyoahidiwa na mtu ambaye hajawahi kukuangusha, na kuna ahadi za kamati. Kwenye mfano wetu maharusi wana milioni 4, baba na wajomba wameshatoa milioni 2.5 na ipo kwenye akaunti tayari, na daftari la kamati lina ahadi za milioni 9. Kwenye karatasi ni milioni 15.5 na hapo ndo kamati nyingi zinaanza kutafuta ukumbi wa milioni 15.5.

Mimi ahadi zote za kamati nazihesabu nusu. Siyo kwamba watu ni waongo, mtu anapoahidi laki kwenye kikao anamaanisha kweli, ila kati ya hapo na harusi anaumwa mtoto, kuna msiba kijijini, kuna harusi nyingine tatu za ofisini na zote zinamdai kadi. Kwa hiyo milioni 9 inakuwa 4.5, jumla yetu ni milioni 11. Zikija zaidi ya nusu tutafurahi, na nitakwambia mbele zikija zinakwenda wapi.

Kwenye milioni 11 toa asilimia 10 ya dharura, milioni 1.1, na hiyo isipewe jina. Ukiiandika "dharura ya mapambo" imeshaliwa. Kaa nayo mpaka siku yenyewe, maana jenereta litaisha mafuta, ndugu kumi watateremka kutoka Kahama bila nauli ya kurudi, fundi cherehani ataharibu suti. Tumebaki na milioni 9.9 na hiyo ndo bajeti.

Gawa matumizi mafungu mawili tu

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo bei yake haijali watu ni 100 au 300. Kwenye mfano wetu: ukumbi milioni 1.5, mapambo milioni 1.2, MC na mziki 900,000, picha na video 900,000, gauni la kukodi na suti 700,000, pete 300,000, keki 250,000, magari na mafuta 350,000, saluni ya bibi harusi na wasimamizi 200,000, shukrani ya kanisani au msikitini na karatasi za ndoa 100,000. Jumlisha inakuja milioni 6.4.

Fungu la pili ni vitu vya kichwa, kila mtu anayekaa kwenye kiti anakuja na gharama yake: sahani ya chakula 16,000, vinywaji 8,000, kadi na vile vidogo vidogo 1,000. Kichwa kimoja 25,000.

Sasa toa: milioni 9.9 kasoro milioni 6.4 inabaki milioni 3.5. Gawa kwa 25,000. Unapata watu 140.

Hiyo 140 ndo harusi yenu. Ukiwa na orodha ya watu 300 unahitaji milioni 7.5 za vichwa peke yake, maana yake umepungukiwa milioni 4 kabla hata hujanunua shampeni. Hapa kuna njia mbili tu, kupunguza watu au kukata fungu la kwanza, na ukikata laki 5 kwenye mapambo umepata viti 20, ukiacha video ya droni na zile picha za kabla ya harusi za kwenda Bagamoyo unapata viti vingine. Nikiambiwa nichague ningekata mapambo mara zote, maua ya dari hakuna mgeni anayekumbuka ila shangazi aliyenyimwa kadi anakumbuka mpaka mjukuu wako anaolewa.

Kadi, hapa ndo hela inapovuja

Tuseme kamati imeweka kadi ya single (mtu mmoja) 50,000 na ya double (watu wawili) 100,000. Nusu ya ahadi ni milioni 4.5, gawa kwa 50,000 ni watu 90 waliolipia viti vyao. Ongeza wazazi, bibi, wajomba na wazee wa kanisa ambao hawawezi kuombwa kadi mlangoni, weka 35. Ongeza na watu wa kazi, MC, DJ, wapiga picha, madereva, mpambaji na vijana wake, hao nao wanakula, weka 15. Jumla 140, imekaa sawasawa na hesabu ya juu. Kama kwako haikai, kwa mfano familia peke yake ni 80, basi bora ujue leo.

Sasa angalia. Aliyelipa 50,000 na kuja peke yake anakula 25,000, inayobaki inasaidia ukumbi na mziki, huyo hata akilipa siku mbili kabla hana hasara, mpokee, na ndo maana nilisema ahadi zikizidi nusu tutafurahi, kila anayelipa anakuja na sahani yake. Aliyelipa 50,000 akaja na mwenza wake amekula yote, hajachangia kitu kwenye ukumbi. Na yule aliyetoa 20,000 "nitamalizia" alafu mnampa kadi kwa kuona haya, huyo mmemlipia ninyi 5,000, wakiwa 40 ni laki 2 imepotea. Kamati ikubaliane mapema kabisa, kwenye kikao cha pili hivi, kiwango cha kupata kadi ni kipi na aliyetoa pungufu atapewa nini, wengine wanamtumia kadi ya kanisani na asante ya heshima, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao ili mweka hazina asionekane mbaya peke yake.

Kadi za simu zinasaidia sana hapa. Kila moja ina msimbo wake wa kuskani mlangoni, ukiskani mara ya pili inakataa, kwa hiyo kadi moja haiingizi watu wanne. Wazee watengenezee za karatasi 20 au 30 hivi, mzee anataka kadi ya kushika na kuiweka kwenye kabati, hiyo ni heshima yake na gharama yake ni ndogo.

Send-off, kitchen party, na watu walewale

Kitu ambacho kamati ya upande mmoja haikioni: rafiki wa bibi harusi anachangishwa kitchen party, anachangishwa send-off, anachangishwa harusi, alafu anaambiwa anunue kitenge cha sare na kushona. Mifuko ni ileile. Kama pande zote mbili zina marafiki wa pamoja, wa ofisi moja au jumuiya moja, kaeni wenyeviti wawili mkubaliane nani anachangisha wapi, vinginevyo ahadi zote mbili zitalipwa nusu nusu. Send-off kwa desturi ni ya nyumbani kwa bibi harusi na wazazi wake wana haki ya kumuaga mtoto wao, siyo kazi ya upande wa kiume kuwapangia, ila bibi harusi mwenyewe anaweza kuongea na wazazi ifanyike nyumbani, tenti, wapishi wa mtaani, watu 80 wa karibu, na ikawa nzuri kuliko ya ukumbini.

Kuongea na wazee kuna namna yake. Usimpelekee mjomba karatasi ya eksel. Nenda nyumbani, kaa, kunywa chai, alafu: "Mjomba shikamoo. Nimekuja na jambo la harusi, naomba ushauri wako. Hela tuliyonayo inatosha watu 140, na wazee na ndugu tumewawekea viti 35. Nimeandika majina mpaka hapa, naomba unisaidie kuona nani nimemsahau na nani atatuelewa tukimwalika kanisani tu." Ukimwomba asaidie kuchagua anakuwa mlinzi wako, yeye ndo atamwambia baba mdogo wa Singida kwamba nafasi zimeisha. Ukimpelekea maamuzi yaliyokwisha atakuletea watu 20 wa kwake siku ileile.

Huko Tanga, Unguja na kwa Waislamu wengi hata hapa Dar mambo yanaweza kuwa mepesi zaidi, ndoa inafungwa msikitini au nyumbani, kinamama wa mtaa wanakuja kuchagua mchele na kumenya vitunguu, wapishi wanasimamisha masufuria uani, walima inaliwa kwenye sinia. Hesabu ya hapo ni ya kilo, kilo moja ya mchele wa pilau inashibisha watu sita mpaka wanane, nyama panga kwa kilo vilevile, ukodi masufuria, mikeka na tenti. Tatizo linakuja pale mnapofanya walima ya nyumbani alafu mnaongeza na ukumbi usiku, hapo mna shughuli mbili na zote mbili zinahitaji bajeti kamili.

Ukumbi na vinywaji, uliza kabla ya kutoa advansi

Bei ya ukumbi unayoambiwa kwenye simu karibu kila mara siyo bei utakayolipa. Uliza VAT ipo ndani au bado, maana asilimia 18 juu ya milioni 1.5 ni 270,000. Viti na meza vipo au unakodi, vitambaa je, umeme ukikatika jenereta lipo na mafuta ni ya nani, usafi na ulinzi unalipia nani, saa ngapi lazima muwe mmetoka na mkizidisha saa moja ni shilingi ngapi, mpambaji anaruhusiwa kuingia saa ngapi. Na muhimu kuliko yote, unaruhusiwa kuja na mpishi na vinywaji vyako? Kumbi nyingine zinalazimisha mpishi wao, nyingine zinatoza kokeji kwa kila kreti unayoingiza, na ukumbi wa bei poa wenye kokeji kubwa unakuja kuwa ghali kuliko ule uliouona wa bei juu. Uandikwe mkataba, hata ukurasa mmoja, advansi ina risiti, na mkiahirisha harusi inakuwaje kuhusu hiyo advansi.

Vinywaji ndo sehemu inayopigwa kirahisi. Soda mbili na maji mawili kwa mtu inatosha watu wengi, watu 140 ni soda 280, kreti moja ina chupa 24 kwa hiyo unanunua kreti 12. Bia hesabu wanywaji peke yao, kaa na mtu anayewajua ndugu na marafiki, usihesabu ukumbi mzima, walokole na Waislamu na kina mama wa jumuiya ukiwawekea bia tatu tatu umetupa hela. Chukua dipo (duka la jumla la vinywaji) ambako wanakubali kreti zisizofunguliwa zirudi, na makubaliano hayo yawe kwenye risiti. Siku ya shughuli weka mtu mmoja tu stoo, mtu mzima, asiye mnywaji, ana daftari, kila kreti inayotoka anaandika imekwenda meza zipi. Nimeona kamati ikinunua kreti za ziada saa nne usiku kwa bei ya baa huku kreti za kwao ziko kwenye buti la gari la mtu.

Tarehe nayo ni hela

Wakatoliki na Walutheri hawafungi ndoa ovyo wakati wa Kwaresma, Waislamu nao Ramadhani hawafanyi shughuli, kwa hiyo baada ya Pasaka, baada ya Idi na mwezi wa 12 kumbi zinagombewa na bei zinapanda. Jumamosi ndo ghali kuliko zote, Ijumaa au Jumapili unaweza kupunguziwa ukiongea vizuri. Na angalia michango inaiva lini: ukiweka mwisho wa kuchangia mwezi wa kwanza utakutana na ada za shule na kodi za nyumba, watu hawana. Weka mwisho wa kuchangia siku nne tano baada ya mishahara, wiki mbili au tatu kabla ya harusi, ili kadi zitoke na idadi ya mwisho impate mpishi mapema.

Usisahau pia kwamba sheria ya ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na kanisani kuna matangazo na mafundisho, kwa hiyo usilipie ukumbi kabla hujapata tarehe kwa paroko, mchungaji au sheikh. Watu wanalipa ukumbi alafu wanaambiwa siku hiyo padri ana ndoa sita. Na wanaotaka kufunga bomani kwa serikali, ndoa ile ni ndoa kamili kisheria, mnaweza kufunga na mashahidi wenu wawili, mkala chakula cha mchana na watu 20 na milioni zote zikaenda kwenye kiwanja. Nawaheshimu sana wanaofanya hivyo na natamani wazazi wengi zaidi wawape baraka.

Kukusanya bila kugombana

Hela isiingie kwenye simu ya mtu mmoja kama kuna namna. Akaunti ya benki yenye saini tatu, au kikundi cha M-Koba (huduma ya Vodacom ya akiba za vikundi kwenye simu) ambacho wanakikundi wanaona kinachoingia na kutoka, na kila Ijumaa mweka hazina anaweka kwenye grupu la wasap orodha ya waliolipa, siyo ya wanaodaiwa. Kumwanika mtu mbele ya watu 200 kwamba anadaiwa 30,000 ni kumdhalilisha na wengi wakifanyiwa hivyo wanatoka kwenye grupu na hela yenyewe inakwenda. Unayemdai mtumie ujumbe yeye peke yake: "Habari za leo kaka, natumaini familia wazima. Naomba kukukumbusha ahadi yako ya 50,000, tunafunga tarehe 30 ili tumpe mpishi idadi. Kama mambo yamebana nijulishe tu, hakuna ubaya." Hiyo sentensi ya mwisho inaleta hela kuliko vitisho, na asiyekuwa nayo anakwambia ukweli ukamfuta kwenye hesabu mapema. Kwenye matumizi weka mstari wa makato ya kutuma na kutoa, kwenye milioni kadhaa zinazopita kwenye simu siyo kidogo.

Kikao chenyewe kina gharama. Kukutana baa kila wiki, kamati ya watu 25, soda na chipsi, kwa miezi mitatu inafika hela ya gauni. Kutaneni nyumbani kwa mtu au kanisani mara tatu nne, mengine malizeni kwa simu.

Kuhusu kukopa naomba nisikilizwe. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, au programu za mikopo za kwenye simu kwa ajili ya harusi, hapana, hata kama imebaki wiki moja na pengo ni milioni moja. Ndoa changa inaanza na watu wanapiga simu kwa wakwe kudai. Pengo likitokea kuna vitu vya kukata mpaka siku tatu kabla: ndafu, shampeni, gari la kifahari, matarumbeta, zawadi za kutunza wasimamizi, aina ya pili ya nyama. Mwenyekiti akae na mpishi amwambie ukweli, mpishi mwenye uzoefu atabadilisha menyu ikae kwenye hela iliyopo na wageni wakashiba.

Siku yenyewe maharusi na wazazi wasiguse hela. Mweka hazina anakuwa na bahasha zimeandikwa jina kila moja, ya MC salio, ya DJ salio, ya wahudumu, ya dereva, anayepewa anasaini. Bahasha ya dharura inakaa kwa mtu mwingine, anayejua kusema hapana. Alafu ndani ya wiki mbili kikao cha kuvunja kamati kifanyike, mapato na matumizi yasomwe na risiti ziwekwe mezani, chupa tupu na kreti zirudishwe dipo mchukue amana yenu, na muamue ahadi ambazo hazijalipwa mnaendelea kuzidai au mnazisamehe. Mimi nashauri msamehe, maana wengi wa hao mtakuwa nao kwenye kamati nyingine mwezi ujao.